Damu Haisemi Peke Yake

Neno mzio ni la zamani katika Kiswahili kuliko maabara yoyote ya Afrika ya Mashariki. Wazee walilitumia kwa chakula ambacho mtu amekatazwa kula, ama kwa desturi ya ukoo wake, ama kwa amri ya mganga aliyemtibu. Mtu akiulizwa kwa nini hali samaki wa namna fulani, alijibu, "Ni mzio wangu," na maswali yakaisha hapo hapo. Hakuna aliyemtaka aeleze chakula kile kilimdhuru lini, wala kilimdhuru vipi. Siku hizi neno lile lile limepewa kazi mpya ya kutaja ugonjwa: mwili wa mtu hukutana na kitu kisicho na madhara kwa wengine, kama yai au karanga au vumbi la godoro, ukakidhania kuwa adui, ukapigana nacho hata ukamwumiza mwenyewe. Kazi hii mpya ni njema, na lugha yetu imefaidika kwayo. Lakini naona kwamba pamoja na neno tumerithi tabia yake ya kale ya kumaliza maswali. Tofauti ni kwamba amri haitoki tena kwa mganga. Yatoka katika karatasi ya maabara.

Huenda umepata kuiona karatasi hiyo, msomaji, au pengine imepata kuandikwa jina lako. Kushoto pana orodha ya vyakula: maziwa, mayai, ngano, karanga, soya, samaki, kamba, nyanya, na vingine hata ishirini au thelathini. Kulia pana namba, na kando ya namba pana daraja, kuanzia sifuri mpaka sita. Mzazi huipokea kwa mikono miwili kama hati ya shamba. Huchukua kalamu akapiga mstari chini ya kila chakula ambacho namba yake imepita mpaka uliochapishwa, na tangu jioni ile mtoto havionji tena vyakula hivyo. Nasema wazi tangu mwanzo kwamba karatasi ile haijui kama mtoto ni mgonjwa. Yajua jambo moja dogo juu ya damu yake, basi. Anayemnyima mtoto chakula kwa ajili ya karatasi peke yake amdhulumu, ijapokuwa afanya hivyo kwa mapenzi. Na anayemwuzia mzazi karatasi ile bila kumwuliza swali hata moja juu ya mtoto amdhulumu zaidi, maana yeye hana hata udhuru wa mapenzi.

Sisemi kwamba mzio ni ndoto, wala siwaungi mkono wale wanaomcheka mwanafunzi asiyekula karanga na kumwambia kwamba ni kudeka. Mzio wa kweli waweza kuua. Mtu hula kitu kidogo tu, na katika dakika chache, au kwa kawaida kabla ya saa mbili kupita, ngozi humwasha na kuvimba, midomo hufura, tumbo husokota, hutapika, sauti hukwama, pumzi hubana, na nguvu ya mwendo wa damu hushuka mpaka akazimia. Dawa ya kwanza ya hali hiyo ni sindano ya adrenalini, ichomwe pajani upesi. Kidonge cha kutuliza mwasho peke yake hakitoshi. Kwa kuwa jambo lenyewe ni zito hivyo, nachukizwa nikiona likichezewa.

Na tutazame kwanza kipimo chenyewe kilitoka wapi, kwa sababu asili yake yatufundisha namna ya kukitumia. Neno aleji, walitumialo Wazungu kwa mzio, lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet. Lakini kwa miaka mingi hakuna aliyejua ni kitu gani mwilini kinacholeta ghasia ile. Mwaka 1921 madaktari wawili wa mji wa Breslau, ambao wakati ule ulikuwa wa Ujerumani na sasa ni Wrocław katika Poland, walifanya jambo la ushupavu. Mmoja wao, Heinz Küstner, alikuwa akila samaki aliyepikwa huugua. Mwenzake, Carl Prausnitz, hakuwa na ugomvi wowote na samaki. Prausnitz alichukua maji ya damu ya Küstner, akayachoma kidogo katika ngozi ya tumbo lake mwenyewe. Siku ya pili yake akachoma mahali pale pale maji yaliyotolewa katika samaki. Haukupita muda mrefu ngozi ikawa nyekundu, ikavimba, ikawasha. Mahali pengine pa ngozi yake, ambapo damu ya mwenziwe haikufika, samaki hakufanya lolote. Hivyo ilijulikana kwamba kitu kinachochochea mzio kimo katika damu, na kwamba chaweza kuhamishwa kutoka mtu hata mtu.

Uangalie vizuri mpango wa kazi ile. Hawakuanza na damu. Walianza na mtu aliyejulikana kwamba akila samaki huugua, ndipo wakaiuliza damu yake sababu. Swali lilikuwa mbele, damu ikafuata nyuma. Sisi leo tumeugeuza mpango huo: twaitanguliza damu, na damu ikisha kunena neno ndipo tumtafutie mtoto ugonjwa wa kulingana nalo.

Kitu kile kiliendelea kujificha mpaka mwaka 1966, Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver huko Marekani, walipokitambua kuwa ni kingamwili ya namna ya pekee. Mwaka 1967 S. G. O. Johansson na Hans Bennich wa Uppsala, Uswidi, waliieleza kingamwili iyo hiyo kwa njia yao, na mwaka 1968 ikakubaliwa iitwe imunoglobulini E, ambayo kwa kifupi twaandika IgE. Mashine za leo hupima kiasi cha IgE inayoshikamana na kila chakula, zikatoa jawabu kwa kilouniti katika lita moja ya maji ya damu. Kwa miaka mingi namba 0.35 ndiyo iliyokuwa mpaka: chini yake huandikwa kwamba kingamwili haipo, juu yake huandikwa kwamba ipo, na mashine mpya huweza kuona hata 0.10. Ni kazi ya ajabu, na mafundi wake wastahili heshima. Ugomvi wangu si na mashine.

Ugomvi wangu ni na neno "ipo". Haya, kingamwili ipo. Na ikiwapo kumetukia nini? IgE hukaa juu ya seli ziitwazo seli za masti, zilizoenea katika ngozi, pua, mapafu na matumbo. Chakula kinachoafikiana nayo kikifika, kikazishika kingamwili mbili au zaidi kwa pamoja, seli humwaga histamini, na hapo ndipo kuwashwa na kufura huanza. Lakini ili jambo hilo litukie, yapasa kingamwili ziwe za kutosha, zikishike chakula kwa nguvu, na aghalabu ziwe zimeelekea sehemu ya chakula isiyoharibiwa na moto wa jiko wala tindikali ya tumbo. Watu wengi mno wana IgE ya chakula fulani, nao wamekila chakula hicho tangu utotoni wala hawajakohoa. Dalili ya mvua ni mawingu, ndivyo walivyosema wahenga, na ni kweli. Lakini mkulima wa Ukambani amekwisha kuyaona mawingu mengi yakipita juu ya shamba lake bila kuangusha tone. Kwa hiyo yatupasa kutenga mambo mawili. La kwanza ni mwili kukitia chakula alama. La pili ni chakula kumdhuru mtu. Karatasi yajua la kwanza tu.

Katika mji wa Manchester, Uingereza, watoto walifuatwa tangu kuzaliwa mpaka umri wa miaka minane. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, watoto 110 kati ya 933 walionekana wametiwa alama ya karanga kwa kipimo cha ngozi au cha damu. Habari zao zilipochunguzwa, na wale waliohitaji kujaribiwa walipolishwa karanga mbele ya madaktari, ilionekana kwamba kama 22 tu katika kila 100 wa hao ndio waliokuwa na mzio wa karanga. Waliobaki, zaidi ya robo tatu, wangeweza kuzila.

Wewe ujifunzaye hesabu huna haja ya kuniamini kwa maneno. Tuchukue shule ya kubuni yenye wanafunzi 1000, na tuseme 20 kati yao wana mzio wa kweli wa karanga. Tuseme pia kwamba kipimo ni kizuri, huwagundua 18 katika hao 20. Wamebaki 980 wasio na mzio. Tuseme kipimo huwasingizia 15 tu katika kila 100, yaani jumla yao 147. Basi tukiwapima wote, karatasi zenye neno "ipo" zitakuwa 18 na 147, ndizo 165. Chomoa karatasi moja katika hizo bila kuchagua: uwezekano kwamba ni ya mgonjwa wa kweli ni 18 kwa 165, karibu asilimia 11. Sasa badili jambo moja tu. Usiwapime wote, wapime wale ambao walikula karanga wakafura midomo katika nusu saa. Tuseme wako 20, na 16 kati yao wana mzio wa kweli. Kipimo kile kile, chenye makosa yale yale, kitawagundua 14 hivi katika wale 16, na katika wale wanne wengine huenda kikamsingizia mmoja, au hata asiwepo. Karatasi ambayo mwanzo ilikuwa karibu na bure sasa yafaa sana. Mashine haikubadilika hata msumari mmoja. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa kabla ya sindano.

Kosa jingine ni kuisoma namba kana kwamba ni kipimo cha hatari. Mzazi huona daraja la nne akatetemeka, huona daraja la pili akatulia. Namba kubwa huongeza uwezekano kwamba mzio upo, lakini haisemi kama mtoto atawashwa mdomo tu au atazimia. Kati ya mwaka 1997 na 2001 daktari Hugh Sampson wa Marekani alitoa namba ambazo zikifikiwa karibu watoto 95 katika 100 hudhurika kweli: 7 kwa yai, 15 kwa maziwa, 14 kwa karanga, 20 kwa samaki. Namba hizo zimewafaa madaktari wengi. Lakini tazama zilikotoka: kwa watoto wa Marekani waliopelekwa kwa bingwa kwa kuwa walikwisha kushukiwa kuwa na mzio. Tena tazama umbali uliopo kati ya 7 na 0.35. Mtoto wa namba 0.6 anayenyimwa yai hana habari kwamba nchi nzima imelala kati ya namba yake na ile ya bingwa.

Kwetu huku pana jambo la ziada ambalo karatasi hazilitaji kabisa. IgE haikuwekwa mwilini ili itusumbue kwa karanga. Yadhaniwa kwamba kazi yake kubwa ni kupigana na minyoo. Mtoto mwenye chango, safura au kichocho huwa na IgE nyingi katika damu, na baadhi ya kingamwili hizo huweza kushika vitu vilivyomo katika vyakula kwa sababu vyafanana na vitu vya mnyoo. Nchini Ghana walipimwa watoto wa shule, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Damu za wengi zilionekana na IgE ya karanga, hali wale ambao ngozi zao ziliitikia karanga walikuwa wachache sana. Na kingamwili zile zilifuatana na ugonjwa wa kichocho. Hapa Kenya, watafiti waliowalinganisha watoto wa mji wa Thika na wa kijiji cha Kabati, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2002, walikuta kingamwili za chango kwa wingi zaidi huko kijijini. Basi twauazima mpaka uliowekwa kwa watoto wasioujua mnyoo, twaupachika kwa mtoto aliyeogelea mtoni tangu akiwa mdogo, kisha twashangaa kwamba amepatikana na "mizio" kumi na miwili! Hali kadhalika mende, wadudu wa vumbi la godoro na kamba wa baharini wana protini inayofanana, iitwayo tropomiosini. Mtoto wa Nairobi ambaye hajapata kumwona kamba ila katika picha aweza kuandikiwa kwamba ana kingamwili ya kamba, na chanzo chake ni mende wa jikoni kwao.

Karatasi safi nayo yaweza kudanganya. Watu wa pwani wajua kwamba jodari na vibua wakikaa juani bila barafu huleta madhara. Bakteria hugeuza kitu kilichomo katika nyama ya samaki hao kuwa histamini, na histamini hiyo haiharibiki kwa kupikwa. Mlaji huwa mwekundu, kichwa humgonga, mwili humwasha, moyo humwenda mbio. Ukimtazama utasema ni mzio wa samaki, na ukimpima damu hutaona kitu, kwa sababu sumu ililiwa tayari imekwisha kutengenezwa. Kosa ni la mwuza samaki. Mlaji aweza kula jodari mbichi wa kesho, aliyehifadhiwa vyema, asidhurike. Tena wako watu wazima wengi katika Afrika ambao wakinywa maziwa hujaa gesi na kuendesha, kwa kuwa matumbo yao hayawezi kuisaga sukari ya maziwa. Huo si mzio, wala kipimo cha IgE hakiuhusu. Na mtu aliyekula karanga akazimia asitulizwe na karatasi iliyoandikwa "haipo": tukio lile lina uzito kuliko karatasi, na daktari yampasa alitafutie maelezo.

Juu ya vipimo vya imunoglobulini G, ambavyo huuzwa kwa bei kubwa na kuahidi kufichua vyakula mia ambavyo mwili "umevikataa", sitapoteza wino mwingi. Kingamwili hiyo huonyesha tu kwamba mtu amekila chakula. Mwaka 2008 jopo la wataalamu wa mzio wa Ulaya lilitamka kwamba isitumiwe kutambua mzio wa chakula wala kutovumilia chakula. Mwenye kuuza kipimo hicho amwambia mtu kwa fedha nyingi alichokula juzi.

Katika shule ya bweni niliyopata kufundisha alikuja mvulana wa Kidato cha Kwanza na orodha ya vyakula sita alivyokatazwa: maziwa, mayai, ngano, maharagwe, samaki na karanga. Alikuwa amepimwa kwa sababu ya mafua yasiyokwisha na chafya za kila asubuhi. Jikoni kwetu githeri ilikuwa chakula cha siku nne katika juma, na asubuhi ilikuwa chai ya maziwa na mkate. Mpishi mkuu, mzee wa subira, aliisoma orodha mara mbili akaniambia, "Mwalimu, huyu nimpe nini, ugali na maji?" Kwa majuma mengi mtoto alikula ugali na sukuma wiki, akakonda, na wenziwe wakampa jina ambalo silirudii hapa. Mama yake alipokuja siku ya wazazi nilimwuliza, "Mama, mtoto alipata kudhurika kwa yai?"

"La, mwalimu. Amekula mayai tangu kuota meno, mpaka tulipoletewa karatasi."

"Na maziwa? Na maharagwe?"

"Vivyo hivyo."

"Na karanga?"

Hapo alinyamaza kidogo. Akakumbuka kwamba mtoto alipokuwa na miaka sita alikula karanga za kukaanga nyumbani kwa shangazi yake, midomo ikafura, akatapika, nao wakadhani ameumwa na mdudu. Tangu siku ile hakupata kuzila tena, kwa bahati tu. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza neno hilo kabla ya kuitoa damu. Nikaitazama karatasi: karanga ilikuwa na namba ndogo kuliko yai, tena ndogo kuliko maziwa.

Alipopelekwa kwa daktari bingwa alirudishiwa vyakula vitano, kimoja kimoja, daktari akitazama. Karanga akazikataza kwa maandishi, akamweleza mama juu ya adrenalini. Chafya zilikuwa za vumbi la godoro. Lakini sikiliza jambo ambalo mvulana mwenyewe alinieleza baadaye, nalo ndilo lililonifanya niandike haya. Kwa njaa alikuwa akiiba mkate wa wenziwe usiku, akaula asidhurike. Akaiba na yai, asidhurike. Mwisho akakata shauri kwamba orodha yote ni uongo. Kama rafiki angemnyoshea konzi ya karanga majuma yale, angezitia kinywani bila wasiwasi. Makatazo matano yasiyo na msingi yalikuwa yamelifunika lile moja la kweli, na karatasi iliyodai kumlinda ilikuwa inampeleka kwenye hatari. Mpishi naye, baada ya hayo, alibakiwa na neno moja tu la kukumbuka juu ya mtoto yule, wala hakulisahau hata siku moja.

Usifikiri kwamba huyu alikuwa peke yake duniani. Huko Denver madaktari waliwapokea watoto waliokuwa wamekatazwa vyakula vingi, mara nyingi kwa ajili ya vipimo. Wakawalisha chini ya uangalizi, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 vyakula kati ya 84 na 93 katika kila 100 vilivyokuwa vimekatazwa vilirudishwa mezani. Huko London watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio waligawanywa: baadhi wakalishwa karanga tangu uchanga, baadhi wakanyimwa kabisa mpaka miaka mitano. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba mzio wa karanga uliwapata walionyimwa mara nyingi zaidi kuliko waliolishwa. Kwa hiyo kumnyima mtoto chakula pasipo sababu kwaweza kumharibia nafasi ya mwili kujifunza kukivumilia. Na hapo sijataja bei ya yai, ambalo katika nyumba nyingi ndiyo nyama ya pekee apatayo mtoto katika juma.

Wenye kuuza vipimo hujibu kwamba wazazi ndio watakao. Ni kweli, wataka. Mzazi aliyekesha na mtoto anayejikuna ataka lolote. Lakini fundi viatu hawezi kumwuzia mtu viatu vya miguu minne kwa sababu ameviomba. Wengine husema kwamba mabingwa wa mzio ni wachache, na wagonjwa ni wengi, na mashine ni nyepesi kuliko mazungumzo. Hapo sikubali. Kumwuliza mama kwahitaji kiti na dakika kumi, navyo vipo hata katika zahanati ndogo. Mtoto alikula nini? Kiasi gani, tena kilipikwa vipi? Baada ya muda gani alipatwa na nini? Jambo hilo lilirudi alipokila tena, au amekila mara nyingi tangu hapo asidhurike? Majibu yakielekea chakula kimoja, kipimwe chakula hicho, wala si thelathini. Damu na habari zikipatana, mambo yamekwisha. Zisipopatana, njia iliyobaki ni kumlisha mtoto chakula chenyewe kidogo kidogo hospitalini, penye daktari na adrenalini karibu. Jambo hilo usijaribu kulifanya bwenini wala nyumbani, hata kama umesoma makala hii mara saba.

Na sisi walimu hatuna budi kujitazama. Mara ngapi tumeipokea karatasi ya maabara ofisini, tukaibandika ukutani jikoni, tukadhani tumetimiza wajibu? Mwanafunzi akija na orodha ya makatazo, mkuu wa shule amtake daktari aandike mistari mitatu: chakula ni kipi, kilimdhuru lini na kwa namna gani, na tufanye nini kikimdhuru tena. Maandishi hayo yakiwapo, yaheshimiwe na mpishi, mlezi wa bweni na kila mwanafunzi anayekula meza moja naye, na adrenalini iwekwe mahali panapojulikana na pasipofungwa kwa kufuli. Yasipokuwapo, karatasi irudi kwa aliyeiandika ikajazwe. Na ikiwa mtoto ameyala maharagwe yale mpaka wiki iliyopita, asidhurike, basi asikose githeri yake ya mchana huo.